Mfumo wa 4-3-3 kwa timu ya taifa: kazi ya kila namba na namna ya kuufundisha kwa siku chache

Dirisha la kawaida la FIFA, yaani kipindi ambacho klabu huwaachia wachezaji wao waende timu za taifa, lina siku 9. Linafunguliwa Jumatatu na kufungwa Jumanne ya wiki inayofuata, na ndani yake kuna mechi mbili. Wachezaji wengi huripoti kambini Jumatatu jioni au Jumanne, miguu ikiwa bado mizito kwa mechi ya Jumapili. Mechi ya kwanza ikiwa Ijumaa, basi Jumanne ni ya kurudisha nguvu, Jumatano ndiyo siku ya mazoezi kamili, Alhamisi mazoezi mepesi. Jumamosi waliocheza wanapumzisha mwili, Jumapili unapata kipindi kingine cha maana, Jumatatu nyepesi tena, Jumanne mechi. Ukipiga hesabu, kocha wa timu ya taifa ana vipindi viwili tu vya kufundisha mfumo kwa dirisha zima, na kila uamuzi wa kiufundi lazima ukae ndani ya hesabu hiyo.

Ndiyo maana mfumo unaoifaa timu ya taifa ni ule ambao wachezaji wako tayari wanaucheza wiki hadi wiki kwenye klabu zao. 4-3-3, yaani mabeki wanne, viungo watatu na washambuliaji watatu, ina faida mbili hapa. Kwanza, karibu kila mchezaji wa kulipwa ameshaucheza au ameshacheza ndugu zake, 4-2-3-1 na 4-1-4-1. Pili, inabadilika kwa urahisi: bila mpira mawinga wakirudi mita 10 hadi 15 unapata 4-1-4-1, na ukiwa na mpira beki mmoja wa pembeni akibaki nyuma unapata mabeki watatu wa kuanzishia mashambulizi. Hakuna anayelazimika kujifunza nafasi mpya.

Anza na jozi

Kabla ya kuandika majina 11 ubaoni, andika jozi: mabeki wawili wa kati, beki wa kushoto na winga wa kushoto, beki wa kulia na winga wa kulia, namba sita (kiungo wa ulinzi) na namba nane (kiungo wa kati anayecheza mbele yake) anayecheza naye karibu. Kisha angalia ni jozi zipi zinacheza pamoja klabuni. Hispania ilianza fainali ya Kombe la Dunia 2010 ikiwa na wachezaji sita wa Barcelona: Piqué na Puyol katikati ya ulinzi, Busquets, Xavi na Iniesta kwenye kiungo, na Pedro mbele. Timu nyingi hazina bahati ya aina hiyo, lakini hata jozi moja inakuokolea muda mwingi sana wa mazoezi. Wachezaji wawili wakikaribiana kiwango, mchague yule ambaye jirani yake uwanjani anamjua.

Angalia pia miguu. Beki wa kati wa kushoto anayetumia mguu wa kulia huupokea mpira akiwa ameelekea ndani, na pasi ya kumpelekea beki wa kushoto inachelewa nusu sekunde. Nusu sekunde hiyo inatosha kwa winga wa upinzani kufika.

Na usimpe mtu kazi mpya kambini, isipokuwa aliwahi kuifanya. Ujerumani ilimtumia Philipp Lahm kwenye kiungo mwanzoni mwa Kombe la Dunia 2014, kisha ikamrudisha beki wa kulia kuanzia robo fainali dhidi ya Ufaransa. Ilifanikiwa kwa sababu Lahm alikuwa amezicheza nafasi zote mbili klabuni. Winga ambaye hajawahi kukaba kwenye mstari wa mabeki wanne hatajifunza hilo kwa siku tatu, hata awe na mbio kiasi gani.

Kila mchezaji apewe karatasi moja yenye sentensi saba zisizozidi: tatu za timu ikiwa na mpira, tatu ikiwa haina, moja ya sekunde ile mpira unapopotea. Ukiona sentensi ya nane inahitajika, ujue umempa mchezaji huyo kazi za watu wawili.

Kipa na mabeki wa kati

Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu mabeki kupokea goli kiki wakiwa ndani ya eneo la hatari, hivyo kipa amekuwa mchezaji wa kwanza wa kuanzisha shambulizi. Kanuni ya kuanzia nyuma ni hesabu tu: hakikisha una mtu mmoja zaidi ya wale wanaokuja kukukaba. Wapinzani wakikabia juu kwa mshambuliaji mmoja, mabeki wawili wa kati wanatosha. Wakija wawili, namba sita ashuke au beki mmoja wa pembeni abaki, muwe watatu. Wakija watatu au zaidi, kipa atumie mpira mrefu, maana waliopanda wameacha nafasi nyuma yao. Mpira huo mrefu uwe na mahali pake: upande wa winga au namba tisa (mshambuliaji wa kati) anayeruka vizuri, huku namba nane wawili wakiwa tayari mita 8 hadi 10 kutoka pale utakapotua ili kugombea mpira wa pili. Mpira mrefu usiokuwa na watu chini yake ni zawadi kwa wapinzani.

Timu inapopanda hadi nusu ya wapinzani, kipa asimame nje ya eneo lake la hatari. Kosa linaloonekana mara nyingi ni mabeki kupanda huku kipa akibaki kwenye mstari, katikati yao pakabaki uwanja mtupu wa mita 40 ambao winga mwenye mbio anauhitaji sana.

Mabeki wa kati wagawane kazi waziwazi: mmoja anatoka kumfuata mshambuliaji anayeshuka, mwingine anabaki kufunika nyuma yake. Wakitoka wote, njia iko wazi. Asipotoka hata mmoja, namba kumi (kiungo mshambuliaji) wa upinzani anageuka na kutazama goli. Anayetoka ni yule ambaye mpira uko upande wake, na anaacha kumfuata akivuka mita 10 kutoka kwenye mstari. Zaidi ya hapo mtu huyo ni wa namba sita.

Mabeki wa pembeni

Hapa ndipo mechi nyingi za timu za taifa zinaamuliwa, na ndipo makocha wengi wanapokosea kwa kutaka beki wote wawili wapande kwa pamoja. Mmoja apande, mwenzake abaki. Na yupi apande? Jibu liko kwa winga aliye mbele yake. Winga anayekata kuingia ndani anaacha pembeni wazi, basi beki wake apande kwa nje. Winga anayependa kukaa kwenye chaki anahitaji beki abaki nyuma yake au aingie ndani karibu na namba sita. Ukiwaweka winga na beki wote kwenye mstari wa pembeni, umempa mkabaji mmoja wa upinzani nafasi ya kuwalinda wawili.

Italia ya Euro 2020, iliyochezwa 2021, ni somo safi. Upande wa kushoto Insigne aliingia ndani na Spinazzola akapanda hadi juu kabisa kama winga. Upande wa kulia Di Lorenzo alibaki zaidi, akawa beki wa tatu pamoja na Bonucci na Chiellini. Spinazzola alipokatika kano ya kisigino kwenye robo fainali dhidi ya Ubelgiji, Emerson akachukua nafasi hiyo hiyo kwa kazi hiyo hiyo, na Italia ikalitwaa kombe kwa penalti mbele ya Uingereza. Jambo la kuchukua pale ni maandalizi: kazi ya beki anayepanda iwe na mtu wa pili kikosini anayeijua kabla hujaihitaji. Unapochagua kikosi, hesabu wachezaji kwa kazi. Kuwa na mabeki wawili wa kushoto ambao wote ni wa kubaki nyuma kunamaanisha mfumo wako unategemea upande mmoja tu.

Namba sita na namba nane

Namba sita ana jukumu moja lisilo na mjadala: asiwahi kuwa mbele ya mpira timu inaposhambulia. Akae mita 15 hadi 20 nyuma ya mpira, katikati, akitazama mahali alipo mshambuliaji wa upinzani aliyebaki juu. Morocco ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022 ikiwa imefungwa goli moja tu katika mechi tano, na goli lenyewe walijifunga. Sofyan Amrabat mbele ya mabeki alikuwa sehemu kubwa ya siri hiyo. Alikaa kwenye nafasi, akasogea kwa kufuata mpira kushoto na kulia, na hakuvutwa kwenda kumkaba mtu pembeni isipokuwa alikuwa na uhakika wa kufika.

Kosa la kawaida la namba sita kijana ni kuufuata mpira. Mpira ukienda pembeni naye anakwenda pembeni, kisha pasi ya kurudi katikati inamkuta mpinzani peke yake mita 20 kutoka golini. Mfundishe kuuliza swali moja kabla ya kutoka: beki wa pembeni na winga wako wapi? Wakiwa wote wawili wamerudi, abaki katikati.

Namba nane wawili wasifanane. Mmoja awe wa kukimbia kuingia eneo la hatari, mwingine wa kupokea na kugawa. Wote wakiwa wagawaji, krosi zinaingia na ndani hakuna mtu zaidi ya namba tisa. Wote wakiwa wakimbiaji, mpira hautoki nyuma. Anayekimbia acheze upande wa beki anayebaki, na mgawaji acheze upande wa beki anayepanda ili afunike pengo lake. Mpangilio huu mdogo unazuia mashambulizi mengi ya kushtukiza bila hata dakika moja ya mazoezi ya ziada.

Mawinga na namba tisa

Winga nyota ambaye harudi kukaba si tatizo ikiwa umempangia mfidiaji. Ufaransa ya 2018 ilimwacha Mbappé huru upande wa kulia, na upande wa kushoto ikamweka Blaise Matuidi, ambaye kiasili ni kiungo. Timu ikawa na winga mmoja na kiungo mmoja wa pembeni, mizani ikakaa. Katika mashindano hayo hayo Olivier Giroud, namba tisa wao, hakupiga hata shuti moja lililolenga goli, na bado aliendelea kuanza. Kazi yake ilikuwa kuwashika mabeki wa kati, kupokea mipira mirefu na kuwafungulia njia Griezmann na Mbappé. Ukimpima namba tisa wa aina hiyo kwa magoli utamtoa mapema, halafu utashangaa kwa nini mawinga wako wamefifia.

Kwa hiyo amua mapema namba tisa wako ni wa aina gani, kwa sababu mawinga wanapangwa kumfuata yeye. Akiwa wa kushuka kupokea, angalau winga mmoja lazima akimbie nyuma ya mabeki kila anaposhuka. Wakishuka wote watatu, mabeki wa upinzani wanapanda bila hofu na uwanja unawabana.

Timu ikiwa haina mpira

Uwanja wa kawaida wa kimataifa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Huwezi kuulinda wote. Kutoka beki wa mwisho hadi namba tisa pasizidi mita 30 hadi 35, na upana wa timu uwe karibu sawa na upana wa eneo la hatari, yaani mita 40 hivi. Kati ya mstari na mstari pawe na mita 10 hadi 12. Mpira ukiwa kulia, winga wa kushoto aje ndani hadi karibu na katikati ya uwanja. Mpinzani aliye mbali kwenye chaki ya kushoto mwache, kwa sababu pasi ndefu ya kumfikia inachukua muda wa kutosha timu nzima kusogea.

Kukabia juu kwa dakika 90 hakuwezekani kwa watu waliokusanyika juzi. Chagua ishara tatu tu za kupanda kwa pamoja: pasi ya kurudi nyuma, mpinzani anayepokea akiwa ameipa mgongo nusu yetu, na pasi inayomfikia beki wa pembeni aliyebanwa kwenye chaki. Ishara ikitokea, namba tisa anaanza na wengine wote wanapanda pamoja naye. Bila ishara, timu inakaa katikati ya uwanja na kusubiri. Kukabia juu kunaharibika kwa njia moja kuliko zote: washambuliaji watatu wanapanda na mabeki wanabaki, kiungo kinakuwa na pengo la mita 25, na pasi moja inawapita watu watano. Ukiona hivyo, waamuru washambuliaji warudi. Ni rahisi kuwashusha watatu kuliko kuwapandisha wanne wanaoogopa mbio za winga.

Mstari wa juu wa ulinzi una malipo yake pia. Saudi Arabia iliifunga Argentina 2-1 kwenye Kombe la Dunia 2022 kwa mstari uliopanda juu sana, na kipindi cha kwanza Argentina ilikataliwa magoli matatu kwa kuotea. Lakini mtego huo wa kuotea unataka mtu mmoja wa kutoa amri, na amri iwe neno moja. Amri ya kupanda itolewe tu pale anayemiliki mpira anapokuwa amebanwa. Akiwa huru, ameinua kichwa, mstari urudi mara moja hata kama hakuna aliyekimbia bado.

Kuupanga muda wa mazoezi

Siku ya kwanza usiwafundishe kitu uwanjani waliocheza Jumapili. Tumia dakika 20 za video, si zaidi: vipande 8 hadi 10 vya mechi zenu wenyewe vinaonyesha sentensi zile saba. Wale ambao hawakucheza wikiendi wafanye mazoezi ya nguvu kamili, maana ndio utakaowahitaji dakika ya 70.

Siku ya mazoezi kamili ipange hivi. Dakika 15 za kupasha misuli kwa pasi zinazofuata njia za mfumo: beki wa kati kwa namba nane, namba nane kwa beki anayepanda, krosi. Kisha dakika 20 za kuanzia nyuma kwenye nusu uwanja, kipa na watu saba wakikabwa na sita, vipindi vya dakika 4 na pumziko la dakika 1. Kisha dakika 24 za 11 kwa 11, vipindi vitatu vya dakika 8, uwanja ukifupishwa hadi mita 70 ili umbali kati ya mistari uonekane. Simamisha mchezo mara chache; mara moja kwa kila kipindi inatosha, na ukisimamisha zungumzia watu wawili tu waliohusika. Malizia kwa dakika 15 za mipira ya kutenga, yaani kona, faulo na penalti.

Siku ya kabla ya mechi isizidi dakika 60, na hapo kutembea kunafaa kuliko kukimbia. Waweke 11 wa kwanza kwenye nafasi, sogeza mpira kwa mkono kutoka upande mmoja hadi mwingine, na uwaangalie wanavyosogea. Kosa la umbali linaonekana haraka zaidi watu wakitembea.

Mipira ya kutenga

Hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote kwa timu isiyo na muda, kwa kuwa haichoshi na inaweza kufundishwa hata kwenye ukumbi wa hoteli. Uingereza ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2018 na kumaliza mashindano ikiwa na magoli 12, tisa kati ya hayo yakitokana na kona, faulo na penalti.

Kujilinda kwenye kona, weka watano wanaolinda nafasi: mmoja mlingoti wa karibu, watatu kwenye mstari wa boksi dogo (lile lililo mbele kabisa ya goli), mmoja mbele ya mlingoti wa mbali. Watatu wengine wawazuie warukaji bora wa upinzani wasipate mbio za kuanzia. Mmoja akae ukingoni mwa eneo la hatari, mmoja awe tayari kwa kona fupi. Hapo wamekwisha kumi, na kipa ana nafasi ya kutoka. Kinachoharibu mpango huu ni mabadiliko ya wachezaji: anatoka beki mrefu, anaingia winga mfupi, na nafasi ya kati mbele ya goli inabaki na mtu asiyeruka. Karatasi ya kona ionyeshe jina la anayerithi kila nafasi, na msaidizi wa kocha amwonyeshe mchezaji kabla hajavuka mstari kuingia.

Mkishambulia kwa kona, mpigaji mmoja, watano ndani, wawili ukingoni, wawili nyuma. Wapinzani wakiacha mtu mmoja juu, wawili hao wanatosha. Wakiacha wawili, toa mmoja kutoka ukingoni awe wa tatu nyuma.

Marekebisho ndani ya mechi

Una mabadiliko matano, lakini fursa za kuyafanya ni tatu tu, mapumziko yasipohesabiwa. Kwa hiyo mapumziko ni fursa ya bure, itumie kwa marekebisho ya mfumo na uhifadhi zile tatu kwa uchovu na majeraha. Japan ilikuwa nyuma 1-0 dhidi ya Ujerumani mwaka 2022. Wakati wa mapumziko ilimwingiza Tomiyasu na kuhamia mabeki watatu, baadaye ikaingiza washambuliaji zaidi, na Doan na Asano, wote wawili kutoka benchi, wakafunga. Japan ikashinda 2-1. Mabeki watatu waliwaruhusu wa pembeni kupanda na kuwakabili Wajerumani mtu kwa mtu.

Tazama dakika 15 za kwanza ukiwa na maswali machache tu. Namba sita anapokea akiwa ameelekea mbele? Kama hapokei, mwombe namba nane mgawaji ashuke pembeni yake, muwe na 4-2-3-1. Beki anayepanda anaachiwa watu wawili? Badilisha zamu, beki wa upande wa pili apande. Wapinzani wanatupita katikati? Mawinga waingie ndani mita 5, waache pembeni. Namba tisa haguswi na mpira? Angalia mawinga kabla ya kumlaumu yeye.

Mkipata kadi nyekundu, nenda 4-4-1: mtoe winga ikiwa aliyetolewa ni beki, au mrudishe namba nane kwenye mstari wa wanne ikiwa aliyetolewa ni wa mbele. Usiende 5-3-1 mapema, kwani mabeki watano bila upana wa kiungo huzama hadi kwenye boksi dogo ndani ya dakika kumi na krosi zinakuwa haziishi. Iache hadi dakika za mwisho kabisa, na umwingize beki wa kati mpya mwenye miguu mibichi badala ya kumrudisha kiungo aliyechoka.